Mlango wa Nyuma wa Gari la Mjomba Alimasi

Wiki iliyopita gari moja lilisimama mbele ya chumba changu cha kushonea hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, mchana, jua likiwa kali kweli. Dereva akashuka, akazunguka nyuma, akauinua mlango. Kabla sijaona kilichomo, harufu ilikuwa imeshanifikia: mpira uliopata moto, vumbi la magunia, na mawese yaliyomwagika siku nyingi yakakaukia kwenye zulia. Nikaacha kukanyaga cherehani. Mteja wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, lakini jasho lilikuwa limeshanitoka mgongoni, na mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa dirisha.

Nina watoto watatu, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumsimulia habari hii mpaka mwisho. Ninyi nitawasimulia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Fizi, kule juu milimani, ambako asubuhi unatoka nje na shali hata kama Baraka watu wanatembea vifua wazi. Mama alikuwa ameteremka Baraka na mdogo wangu mchanga, Amani, ambaye kifua kilikuwa kimembana, anapumua kama mzee anayepanda kilima. Wakalazwa hospitali. Mimi nikaachwa kwa mjomba Alimasi, kaka yake Mama, aliyekuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja. Waliniambia Mama atarudi Jumapili. Jumapili ikapita, na ya pili ikapita. Kila nilipouliza, watu wazima walitazamana kwanza ndipo wakanijibu, na mtoto akiona hivyo huanza kujijibu mwenyewe. Mimi nilijijibu kwamba Mama amekufa na wananificha.

Gari la mjomba lilikuwa refu, lenye magurudumu makubwa, rangi yake ya kijani imepauka. Mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu, mzima pamoja na kioo chake. Vile vyuma viwili vyembamba vilivyotakiwa kuushikilia juu vilikuwa vimechoka kitambo, kwa hiyo mjomba aliutegemeza kwa mchi. Mchi wenyewe ulikuwa wa mke wake, wa kutwangia sombe, yale majani ya mihogo, na aliuchukua bila kuomba. Siku alizosafiri mjomba, nyumbani kwetu hatukula sombe.

Kitasa nacho kilikuwa na ukaidi wake. Ufunguo haukufanya kazi tena. Ilibidi kwanza uusukume mlango kwa goti, kama mtu anayetaka kuufunga zaidi, kisha uingize vidole chini ya mshikio, ufinye, uvute juu na papo hapo urudi hatua moja nyuma usije ukapigwa kidevuni. Nilimtazama mjomba akifanya hivyo mara nyingi, na siku moja nikajaribu mwenyewe, nikaweza. Nilijiona fundi mkubwa. Upande wa ndani wa mlango ule sikuwahi kuutazama hata mara moja.

Asubuhi ile magunia ya mihogo mikavu yalikuwa yamepangwa mpaka yakagusa paa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, ilibaki nafasi ya madumu mawili ya mawese, yamefunikwa turubai. Mjomba akaingia ndani kunywa chai. Mlango ulikuwa wazi, umesimama juu ya mchi. Nilivua kandambili moja iliyokuwa ikipiga kelele, nikaishika mkononi, nikapanda, nikajikunja kati ya madumu na kujifunika turubai.

Mjomba akarudi akipiga mluzi. Akatoa mchi. Mlango ukaanguka kwa kishindo, masikio yangu yakaziba, na chini ya turubai giza likaingia.

Mwanzoni nilicheka. Nilikuwa nikimwendea Mama. Lakini njia ya kuteremka Baraka mnaijua, au mmeisikia: mashimo, mawe, matope yaliyokauka yakawa kama ngazi. Dumu lilinipiga mbavu upande huu, gunia likanisukuma upande ule. Nilitapika. Nikajikaza, nikijiambia kwamba tukifika mjomba atafungua, atanichapa kidogo, halafu atanipeleka kwa Mama.

Nilijua tumefika nilipopata harufu ya ndagala, wale samaki wadogo, walioanikwa na kusikia pikipiki zikigombania njia. Gari likageuka, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Mjomba akashuka, nikamsikia akimwambia mtu:

"Mi naenda kwanza ku hospitali kuona dada yangu na ule mutoto. Mizigo tutashusha nikirudia."

Dada yangu na ule mutoto! Basi Mama yuko hai, na Amani yuko hai. Machozi yalinitoka kwa furaha, na kabla sijayafuta nikasikia pikipiki ikiondoka na mjomba. Alikuwa anakwenda kwa Mama bila mimi.

Nikapiga kelele. Nikagonga kwa kandambili. Lakini mjomba alikuwa ameliegesha gari ubavuni mwa nyumba ya mashine ya kusagia unga, na sasa mashine ilikuwa imeshawashwa; ikinguruma, hata watu wawili walioshikana mikono hawasikiani. Nikaamua nijitoe mwenyewe. Si nilikuwa fundi? Nikapapasa mlango kuanzia juu mpaka chini, nikitafuta mshikio. Hapakuwa na kitu. Ubao laini, misumari midogo ya plastiki, basi. Nikapapasa tena polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Ndipo nilipoelewa kwamba mlango ule ulitengenezwa ufunguliwe na mtu aliye nje tu.

Joto lilikuja taratibu. Kwanza shingo, kisha macho yakaanza kuwasha. Vumbi la mihogo liligeuka tope puani. Nilijaribu kuvuta gunia ili nipenye mbele kwenye viti, nikavunja kucha na gunia halikusogea hata kidole. Nikanywa mate yangu mpaka yakaisha. Nilijikojolea, na nakumbuka niliona aibu ingawa hapakuwa na wa kuniona. Nikamwita Mama, nikamwita Yesu, nikamwita hata mke wa mjomba, ambaye hatukuwa tukipendana sana. Kisha sauti ikakauka. Kilichobaki ni kuweka paji la uso kwenye kioo na kugonga, nipumzike, nigonge.

Kioo kikatiwa kivuli. Mwanamke mmoja alikuwa amekuja kusimama nyuma ya gari, kwenye kivuli chembamba cha gari, ili afunge upya kitenge juu ya kapu lake la mboga za lengalenga. Nikagonga kwa nguvu zilizobaki. Akageuka huku na huku. Akainama, akaweka viganja pembeni mwa macho, akachungulia. Nyuso zetu zilikuwa karibu kama za watu wanaosalimiana. Niliona midomo yake ikisema, "Yesu wangu!"

Alishika mshikio akavuta. Wapi. Akavuta tena kwa mikono miwili. Nilielewa kwa namna alivyoshika kwamba huyu mama hakuwahi kufungua gari maishani mwake. Nikapaza sauti, "Sukuma kwanza!" Akatikisa kichwa kwamba hasikii. Basi nikaanza kumwonyesha. Nikapiga goti langu kwenye mlango. Nikamwonyesha vidole vinavyofinya. Nikainua mikono juu. Akanitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu. Akaweka kapu chini, akapiga goti, akafinya, lakini akasahau kuvuta. Nikarudia. Goti, finya, vuta. Mara ya tatu au ya nne kitasa kikalia, hewa ikaingia, na hewa ile, ya moshi wa pikipiki na samaki, ilikuwa tamu mno.

Mlango ulikuwa mzito na mchi ulikuwa mbele, kwenye kiti. Mama yule hakujua. Alipouinua ukamrudia, akaupokea kwa bega na kichwa, akakunja uso. "Toka, mwana wangu, toka mbio," akasema. Nikajiburuta nje. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka kando ya gurudumu, na nyuma yangu dumu moja la mawese likabingirika likaanguka miguuni mwake.

Hapo ndipo mashine ilipozimwa, na sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kona: "Ee! Mama! Unafanya nini ku motoka ya bantu?"

Mimi nilikimbia. Sitaki kuipamba: nilikimbia. Nilivuka kichochoro, nikajificha nyuma ya kibanda cha nguo za mitumba, gauni limelowa mkojo, mguu mmoja hauna kandambili. Niliwaza jambo moja tu, kwamba mjomba akijua nilijificha garini atanirudisha Fizi bila kumwona Mama.

Katika uwazi wa nguo zilizotundikwa niliwaona. Walikuwa wanaume wawili, kisha watano, kisha watu wengi. Mlango ulikuwa umeanguka na kufungika, dumu liko mchangani, na yule mama amesimama katikati, mkono begani palipoumia.

"Kulikuwa mutoto ndani," alisema. "Mutoto wa kike. Nilimutoa."

"Iko wapi huyo mutoto?"

"Amekimbia."

Wakacheka. Mmoja akasikiliza matamshi yake, akasema, "Huyu ni Murundi, wa ku kambi ya wakimbizi. Wanakuyaka hapa kuiba tu." Mwingine akapindua kapu lake, lengalenga zikamwagika, na watu wakazikanyaga bila kuzitazama. Mwanamke mmoja akasema apelekwe kwa polisi. Yule mama hakulia wala hakupiga kelele. Alirudia maneno yale yale, polepole, kama mtu anayejua kwamba akipaza sauti itakuwa kosa la pili.

Kisha akainua macho, akatazama upande wa nguo za mitumba. Alinitazama moja kwa moja. Nikaganda. Nikangoja mkono wake uinuke uninyooshee kidole. Akageuza uso, akatazama kwingine.

Nilifurahi. Nilidhani hakunitambua.

Mjomba akafika. Watu wakamweleza wote kwa pamoja. Yeye akautazama mlango, akamtazama yule mama.

"Hii mulango haifungukake hivi hivi," alisema. "Nani alikufundisha kuifungua?"

"Mutoto," akajibu. "Alinifundisha kupitia ku kioo."

Wakacheka tena, na mwanamume mmoja akamshika mkono kwa nguvu, ule ule wa upande ulioumia. Akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga jiwe. Sijui kwa nini sauti ile ndiyo iliyonitoa, wala si maneno yao. Nilitembea. Ulikuwa mwendo wa hatua ishirini hivi, na joto la mle garini sikulihisi kama nilivyohisi macho ya watu wale juu ya gauni langu lililolowa.

"Ni mimi, mujomba," nikasema. "Mi nilikuwa ndani. Ni mimi nilimwonyesha goti."

Mjomba hakunichapa. Aliufungua mlango, akaona matapishi, akaona alama za viganja kwenye kioo, akaona kandambili yangu. Akakaa chini mchangani, mtu mzima vile, mbele ya watu, akaweka mikono kichwani. Kisha akasimama, akaanza kuokota lengalenga moja moja na kuzirudisha kapuni. Wale wanaume walikumbuka kwamba wana kazi mahali pengine. Hakuna aliyeomba radhi.

Jioni ile nilimwona Mama. Alikuwa amekonda, na Amani alikuwa akinyonya, anapumua vizuri. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akalia, akanigombeza, akalia tena. Yule mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Domitila, naye alikuja hospitali, kwa sababu mjomba alitaka bega lake litazamwe. Yeye na Mama walizungumza mpaka muuguzi akawafukuza. Tangu siku hiyo hatukununua lengalenga kwa mtu mwingine, na Mama alipohamia Baraka, Domitila akawa mtu wa nyumbani.

Sikumwuliza chochote kwa miaka mingi. Nilimwuliza nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, tukichambua lengalenga uani, yeye akiwa anajiandaa kurudi kwao Burundi.

"Mama Domitila, siku ile uliniona nyuma ya zile nguo?"

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa unatetemeka kama kifaranga."

"Kwa nini hukuwaonyesha?"

Akatupa bua moja pembeni. "Bantu benye hasira wangekukamata namna gani? Ulikuwa umetoka tu ndani ya moto ule."

"Na kama singekuya kujionyesha?"

"Ungekuwa mutoto tu," akasema, akaendelea kuchambua.

Nikainama juu ya ungo ili asione uso wangu. Miaka yote ile nilijivunia zile hatua ishirini, nikijihesabu kuwa ndimi niliyemwokoa. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla sijapiga hatua ya kwanza, mama mmoja asiye na ndugu mjini, amezungukwa na watu wasiomwamini, alinitazama machoni na akakubali kwamba huenda nisije.