Goti la Kulinganishia

Daktari wa timu hakuwa daktari. Alikuwa mchua misuli aliyesoma kozi ya mwaka mmoja, lakini kwa kuwa ndiye aliyebeba mkoba wa dawa na ndiye aliyekimbilia uwanjani mtu akianguka, timu nzima ilimwita Daktari, naye aliitika bila aibu. Jumatatu ile alimlaza Nguzo kwenye meza yenye ngozi iliyochanika, katika chumba chembamba nyuma ya ukumbi wa mazoezi, akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: kupima magoti.

"Legeza paja, dada. Ukikaza unanidanganya."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Paja gumu kama gogo. Jifanye uko likizo."

Nguzo alicheka kidogo, akalegeza. Jina lake la Nguzo alilipata kwa urefu na kwa kazi yake, kwani katika timu ya mpira wa wavu ya mamlaka ya maji yeye alikuwa mzuiaji wa kati, yule anayeruka na mikono juu kuufungia mpira njia. Siku tisa kabla, aliruka hivyo akatua kwa mguu mmoja. Unyayo wa kulia ukang'ang'ania sakafu, mwili ukageuka, na ndani ya goti akasikia pa! kama kijiti kikavu. Kabla saa moja haijapita, goti lilikuwa limeumuka kama andazi.

Daktari alilikunja goti la kulia kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na mguu chini ya goti kwa mwingine, akauvuta ule wa chini kuja mbele, polepole. Katikati ya goti ipo kano inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Ikikatika, mfupa hutoka kama droo. Lakini watu hawafanani, wapo waliozaliwa na viungo vilegevu, kwa hiyo mpimaji huligeukia goti la pili na kulifanyia vilevile. Goti zima ndilo rula. Daktari akazunguka meza, akavuta la kushoto. Akarudi la kulia. Akarudi tena la kushoto. Uso ukamkunjuka.

"Sawa kwa sawa! Hakuna kilichokatika hapa. Viungo vyako vilegevu tu, umezaliwa navyo. Kano imeshtuka. Barafu, bandeji ya kuvuta, siku tatu, unarudi mazoezini."

Nguzo alitazama dari. Kulikuwa na alama ya maji yaliyovuja zamani, na aliitazama kama anayesoma barua.

"Mbona kimya? Wenzako hapa hurukaruka."

"Nafurahi, Daktari. Ni mdomo tu umechoka."

"Na fomu yako ya kipimo cha mwisho cha afya nimeshaisaini, nisije nikasahau."

 Goti la kushoto, lile la kulinganishia, lilikuwa limekatika kano ileile miaka sita iliyopita.

Ilikuwa kwenye uwanja wa saruji wa shule, kabla mamlaka haijamwajiri. Hakwenda hospitali. Mama yake mdogo alimkanda kwa maji ya moto wiki mbili, uvimbe ukashuka, na mwalimu mmoja wa michezo akamfundisha mazoezi: kuchuchumaa na kuinuka, kuvuta mpira wa tairi kwa kisigino, mamia kwa mamia, mpaka misuli ya nyuma ya paja ikajifunza kushika kile ambacho kano ilikuwa ikikishika. Kuna watu wanaoweza kuishi hivyo, hata kucheza hivyo. Nguzo alikuwa mmojawao. Alipoletewa fomu ya kuajiriwa yenye swali "Umewahi kuumia goti?", aliandika Hapana, kwa mwandiko mzuri. Siku ile Daktari alimwambia achuchumae na aruke, akachuchumaa, akaruka, mambo yakaisha.

Sasa Daktari alikuwa amepima kibovu kwa kibovu na kukuta vinalingana.

Mamlaka ile ilikuwa na utaratibu wake, ambao haukuwa mbaya kama hukuumia. Mchezaji aliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Asubuhi alikaa ofisini mpaka saa saba, mchana alikwenda mazoezini. Aliyemaliza misimu mitano na kupita kipimo cha mwisho cha afya alipewa ajira ya kudumu na kubaki katika nyumba ya kazi. Aliyeanguka njiani alishukuriwa kwa barua. Huu ulikuwa msimu wa tano wa Nguzo, na yalibaki mashindano ya wiki tatu. Ofisini alikuwa masjala, chumba cha mafaili, na si kwa kubebwa. Hata mameneja walijua kwamba faili likipotea anaulizwa Nguzo, naye hulala usiku akijua kila moja limelala wapi.

Mama mdogo, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa mshonaji, na alipomwona akiingia alizima cherehani.

"Amesemaje huyo mtu wako wa mkoba?"

"Nimepona."

"Umepona na unatembea kama bata?"

"Mama mdogo, tafadhali."

"Sikutanii. Nililiona la kwanza, na hili nimeliona. Sura moja, uvimbe mmoja. Kamwambie."

"Nikisema la kulia limekatika, ataniuliza mbona linalingana na la kushoto. Nikisema la kushoto, nimeshadanganya kwenye fomu. Nitatoka na barua hata kabla ya mashindano."

"Na ukinyamaza?"

"Wiki tatu tu. Nitalifunga."

Mama mdogo aliokota pini sakafuni, akaichomeka kwenye nguo yake mwenyewe kifuani. "Wewe hujafungwa na goti, mwanangu," alisema. "Umefungwa na mwandiko wako."

Nguzo alijitia hamnazo, akaenda kutafuta barafu.

Alhamisi, saa ya chakula, wenzake wa masjala walitoka, naye akabaki amalizie orodha. Rafu za chuma zilisimama karibukaribu, na baina yake ilikuwa njia ya kupita mtu mmoja tena kwa ubavu. Faili alilolitaka lilikuwa chini kabisa. Alichuchumaa, akaligusa, akageuka kidogo kulia ili alichomoe. Ndani ya goti kitu kikahama, kama shuka linavyonaswa na mlango. Akajaribu kuinuka. Goti halikunyooka.

Alijaribu tena. Halikuuma sana, na hilo lilimtisha zaidi. Lilikataa tu, likiwa nusu limekunjwa. Akateleza akakaa sakafuni, mgongo kwenye rafu moja, nyayo kwenye rafu ya pili. Simu yake ilikuwa mezani inachajiwa, hatua kumi na mbili kutoka pale. Alijisukuma kwa mikono, lakini mguu uliokunjwa uligonga chuma kila alipogeuka, na njia ile haikuwa na nafasi ya mtu mrefu kujipindua. Akaita. Feni ikamjibu. Jasho likamtiririka mpaka kwenye nyusi, akakaa pale zaidi ya nusu saa akisoma migongo ya mafaili ya watu wengine, majina yao yamebanwa vizuri kwa kamba, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yeye yuko pale.

Mlango ulipogongwa, aliyeingia alikuwa Daktari, na bahasha mkononi.

"Nguzo? Nimeleta ile fomu yako... We! Unataga huko chini?"

"Goti limekwama."

Mzaha ukamkauka usoni. Alijipenyeza kwa ubavu, akapiga magoti, akashika kifundo cha mguu wake. "Hili nalijua. Golikipa mmoja aliwahi kukwama hivi, nikamvuta mara moja tu, likaachia. Uma meno."

"Usivute."

"Mara moja tu, dada, saa nane una mazoezi."

"Usivute, Daktari!"

Sauti ilimtoka kali hata yeye mwenyewe akashtuka. Daktari aliachia mguu.

"Kano ya kulia imekatika," Nguzo alisema. "Tangu siku ile."

"Haiwezekani. Nimepima. Yanalingana."

"Yanalingana kwa sababu na la kushoto limekatika. Miaka sita sasa. Ulikuwa ukipimia kibovu."

 Daktari alikaa sakafuni taratibu, mgongo kwenye rafu ya pili, wakawa wanatazamana kama abiria wa viti vinavyoelekeana. Bahasha aliiweka mapajani.

"Humu ndani nimeandika yuko timamu. Sahihi yangu, muhuri wangu. Unajua umeniweka wapi?"

"Najua. Nami nipo hapohapo."

Alijifuta uso kwa kiganja. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mtu: "Sikiliza. Limekwama leo. Basi limekatika leo. Umeteleza kazini, kila mtu ataona. Mimi nimepima Jumatatu, lilikuwa zima. La kushoto hakuna aliyeliuliza, na hakuna atakayeliuliza. Nitaandika barua ya hospitali hivyo."

Ulikuwa mlango, na Nguzo alikuwa na haja ya mlango wowote. Akakubali kwa kichwa.

Bingwa wa mifupa hospitalini alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliyezungumza kama mtu anayeeleza njia. Jumamosi asubuhi alikuja wodini na picha za goti la kulia, akavuta kiti.

"Mambo mawili. Kano ya katikati imekatika kabisa. Halafu kuna gegedu, ile iliyokaa kama mkeka mdogo kati ya mifupa. Imepasuka, kipande kimejikunja kikaingia katikati, ndiyo maana goti halinyooki. Hilo la pili halisubiri. Nitaingia kwa kamera kupitia matundu madogo, nikirudishe mahali pake, nikishone kama bado kina uhai. Kama hakina, nitakikata."

"Angenivuta kwa nguvu?"

"Angeweza kukimaliza. Aliyemzuia amekusaidia."

"Na kano?"

"Kano haishoneki ikashika vizuri. Nitatengeneza mpya. Kisha utalisaidia wewe mwenyewe: kunyoosha, kukunja, kuimarisha paja, miezi tisa au zaidi kabla ya kuruka. Wengine hawarudi kuruka kabisa, sitakuficha."

"Na bila kano mpya?"

"Wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi tu, wakiacha michezo ya kuruka na kugeuka. Lakini ukishonwa gegedu halafu mfupa uendelee kuteleza, mshono hautadumu."

Nguzo alikaribia kucheka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeishi hivyo miaka sita, tena ukiruka.

Bingwa alifunua shuka, akachukua kalamu ya wino mzito, na juu ya paja la kushoto akachora mshale mweusi unaoelekea goti.

"Huo wa nini?"

"Kano mpya naitengeneza kwa kamba za misuli ya nyuma ya paja. Mimi hupenda kuzichukua mguu wa pili, ule mzima, ili mgonjwa asidhoofishwe mara mbili. Barua ya daktari wenu inasema wa kushoto hauna tatizo. Saini hapa, nusu saa tunakupeleka."

Aliweka karatasi juu ya tumbo la Nguzo na kalamu juu yake, akageukia faili.

Misuli ya nyuma ya paja la kushoto. Ile iliyovuta tairi mamia kwa mamia. Miaka sita hakuna kingine kilichokuwa kikilishika goti lile. Wakiichukua, ataamka na mguu wa kulia uliofungwa na wa kushoto usio na cha kuushika. Asipoitoa, lazima aseme kwa nini. Alishika kalamu, akaiweka ncha kwenye mstari wa sahihi, akaona mkono wake unaandika herufi ya kwanza vizuri kama siku zote.

"Mama," alisema. "Huo si mzima."

"Upi?"

"Uliouchora. Kano ilikatika miaka sita iliyopita. Sikutibiwa. Naucheza kwa misuli hiyohiyo."

Bingwa alivaa miwani. Hakuuliza zaidi. Alikunja goti la kushoto, akashika, akavuta. Akasubiri Nguzo alegeze, akavuta tena, na safari hii akafumba macho, akisikiliza kwa vidole ule mwisho mgumu ambao kano nzima hutoa na ambao haukuwapo.

"Aliyekupima alikuwa na mikono miwili, hakulihisi hili?"

"Alilinganisha."

"Naam." Alikaa. "Nitachukua kamba mguu huohuo wa kulia. Wa kushoto hauguswi, utapewa mazoezi. Lakini lazima niandike nimebadili kwa nini, na mwajiri wako ndiye aliyekuleta, ripoti inakwenda kwake. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Niandike?"

"Andika, mama. Wao hawatembei na miguu hii."

Bingwa alilowesha pamba kwa spiriti, akafuta mshale mpaka ngozi ikabaki na kivuli cha kijivu, akachora mwingine kulia. Alipotoka tu, simu ikaita.

"Vipi?" alikuwa Daktari. "Wameshakuingiza?"

"Bado. Nimesema."

"Umesema lipi?"

"La kushoto. Ripoti inakuja huko."

Daktari alimwambia mtu mwingine huko asubiri.

"Nguzo, mimi nina watoto wanne."

"Na mimi nina miguu miwili, Daktari. Wa tatu sina."

Alimsikia akipumua, na nyuma yake mpira ukidunda ukumbini, na mtu akipiga kelele kudai zamu yake.

"Meneja yuko mpaka saa sita," hatimaye alisema. "Bora anisikie mimi kabla ya karatasi."

"Basi nenda."

"Atakutoa, unajua. Hata nikienda."

"Najua."

"Atanitoa na mimi."

"Kaseme, Daktari."

Muuguzi aliingia akampokonya simu kwa upole, akamfunga utepe wa jina mkononi. Kisha akainua chuma cha ubavuni mwa kitanda, kushoto, kikalia klak, akazunguka akainua cha kulia.

"Usijaribu kushuka bila kuniita," alisema.

"Nishuke niende wapi?" Nguzo akamuuliza.