Breki Niliyomchagulia Boke

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu niliamka nikiwa mpigaji namba moja wa kikosi chetu na nikalala nikijua sitakuwa tena. Juzi ulinieleza habari za mwenzako wa ofisini kule Migori, jinsi chakula kinavyokushinda kila akisifiwa, nami nikakuongezea chai tu. Usidhani sikuwa na la kusema. Ugonjwa huo ninao.

Hapa Rodi Kopany watu wananijua kama mama wa duka la mbegu. Wachache wanajua kwamba nilikuwa askari, na kwamba kilichonipa jina ni mashindano ya kulenga shabaha za mbali. Tulikuwa tukishindana wawili wawili. Mmoja analala nyuma ya bunduki, mwingine analala kando yake na darubini, anamsomea upepo. Wa bunduki ndiye anayepewa kikombe. Msoma upepo hutokea pembeni mwa picha, nusu yake imekatwa. Mpigaji nilikuwa mimi, na msoma upepo wangu alikuwa Boke, msichana wa Kehancha, mwembamba, mpole, mwenye jicho kali kuliko langu. Hilo la jicho nimelisema haraka kabla sijabadili nia.

Kilichonilinda ni mwili. Bunduki ile ilikuwa na teke. Mimi ni mtu mzito, ikinipiga natikisika kidogo natulia. Boke ilimbeba. Akipiga risasi chache tu bega lake lilianza kuogopa, na risasi zikatawanyika. Basi mimi nikakaa kwenye nafasi yangu bila wasiwasi, hata nikawa nampa moyo, maana ni rahisi sana kumpa moyo mtu asiyeweza kukupita.

Ndipo mkubwa wetu akaamua bunduki ifungwe breki. Breki ni kichuma kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Kina matundu ubavuni, nguvu ya baruti inatokea huko, na teke linapungua. Matundu hayo lazima yalale sawa kushoto na kulia, la sivyo mtutu unasukumwa upande. Zile za zamani zilihitaji fundi wa kuzipanga, na fundi wa bunduki kwetu ni safari ya Nairobi. Kwa hiyo tulitaka zile mpya ambazo mpigaji anajipangia mwenyewe: unaizungusha kwa mkono mpaka matundu yakae sawa, unakaza nati ya nyuma kwa spana, umemaliza. Muuzaji alituletea mbili za aina hiyo tuzijaribu, tubaki na moja. Kwa kuwa bunduki ilikuwa chini ya uangalizi wangu, nikaambiwa nichague mimi.

Moja ilikuwa na matundu madogo madogo. Ilikuwa na adabu, lakini teke ililipunguza kidogo tu. Ya pili ilikuwa na matundu makubwa, nayo ililimeza teke lote, ila kishindo na vumbi ilimrushia usoni aliyelala kando. Mimi nilipiga kwa zote mbili na sikuona tofauti kubwa. Kisha Boke akalala na ile kubwa. Mwanangu, risasi zake zote zingefunikwa na kizibo cha soda. Aliinua uso akacheka, akajishika bega kana kwamba anahakikisha bado lipo.

Nilimpongeza. Nilimkumbatia hata. Na ndani nilikuwa nawaka. Nilimchukia yule msichana, nikachukia kicheko chake, nikakichukia mpaka kile kichuma kilichokuwa bado na joto mkononi mwangu.

Jioni nilienda kwa Afande Owuor, mwalimu wetu wa shabaha, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Nilimkuta anasafisha bunduki.

"Tuchukue hii ndogo, afande," nikamwambia. "Hii kubwa itaharibu masikio ya watu. Na vumbi pia."

"Masikio ya nani?"

"Ya msoma upepo."

"Msoma upepo ni Boke. Amelalamika?"

"Bado."

Aliweka kitambaa chini. "Nyar Kendu," akasema. Aliniita hivyo, binti wa Kendu, kila alipotaka kunikumbusha kwamba anamjua baba yangu wa Kendu Bay. "Hiyo breki umechagua ni ya bunduki ama ni ya kiti yako?"

Niliokota kile kitambaa nikaanza kukikunja.

"Sawa. Wewe ndio umepewa kuchagua, mimi siwezi kukulazimisha. Lakini kesho utaenda kwa Boke wewe mwenyewe, umwambie umechagua gani na umwambie sababu. Si hiyo ya masikio. Ile ingine."

Usiku ule nilitunga sababu nyingi, zote nzuri. Asubuhi nikamkuta Boke nje ya chumba chake, anakanda bega kwa kitambaa na maji moto. Bega lilikuwa jeusi kwa michubuko ya miezi ya mazoezi. Aliniona, akalifunika haraka. Sababu zangu zote zikapotea, ikabaki ile moja.

"Boke, mimi nakuonea wivu."

"Hata mimi, sajini," akasema. "Nakuonea tangu nikuje hapa. Wewe bunduki inakupiga unakaa tu, mimi inanibeba kama gunia. Mimi huomba Mungu ukuwe mgonjwa."

"Mgonjwa namna gani?"

"Homa tu. Si ya kulazwa."

Tulicheka mpaka watu wakatoka vyumbani. Ningependa kukuambia kwamba wivu uliisha pale. Haukuisha. Nilirudi nikafunga ile breki kubwa kwa mikono yangu, nikayalaza matundu yake sawa, nikakaza nati huku machozi ya hasira yakinitoka. Wiki hiyo hiyo Owuor akatubadilisha. Boke akaenda nyuma ya bunduki, mimi nikapewa darubini.

Mashindano ya mwaka ule yalikuwa upande wa Homa Bay, kwenye bonde linaloelekea ziwani. Kila Boke alipopiga, breki ilinimwagia vumbi. Teke ambalo bega lake halikulisikia nililisikia mimi usoni. Nililala pale nikimsomea upepo na kutema mchanga, naye hakosei, na kila asipokosea moyo wangu ulikuwa unauma.

Ikabaki risasi moja, na ushindi ulikuwa humo. Asubuhi yote upepo ulikuwa umetoka nchi kavu, na bendera zilikuwa zimelala upande mmoja. Boke ni mtu wa milimani, ziwa halijui. Mimi nimezaliwa kando yake. Nilihisi ubaridi shavuni, nikaona kwenye darubini majani ya karibu na shabaha yanaanza kuinuka. Upepo ulikuwa unageuka.

"Nipige, sajini?"

Ningesema piga tu. Risasi ingepotea, lawama ingekuwa yake, na mwaka unaofuata kiti kingekuwa changu. Hakuna mtu ambaye angejua. Mwanangu, nilinyamaza. Nilinyamaza muda ambao hadi leo unanitisha.

Boke akatoa jicho kwenye bunduki akanigeukia. Hakuniuliza kitu. Yeye peke yake kwenye uwanja ule alijua kilichokuwa moyoni mwangu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mwenyewe. Sikuwa na mahali pa kuuficha uongo.

"Ngoja," nikasema. "Upepo wa nam unageuka. Hiyo ziwa yetu hufanya hivyo. Ngoja... Lenga kulia kidogo. Sasa."

Akapiga. Vumbi likanijaa mdomoni, na risasi ikaingia katikati kabisa.

Picha ya siku ile iko sebuleni kwangu, umeiona. Boke ameshika kikombe. Mimi niko pembeni, nusu yangu imekatwa. Siku hizi yeye ndiye anayefundisha wengine, na akipita hapa dukani kununua mbegu akiwa amevaa sare yake iliyonyooka, moyo bado unanichoma. Nampimia mbegu zake na kuzidisha kidogo, kisha akiondoka nakaa nanuna.

Kwa hiyo sikuambii uache wivu, maana mimi mwenyewe nimeshindwa. Nakuambia usiuache ukuchagulie. Siku utakapopewa kuamua jambo linalomgusa mwenzako, jiulize kama sababu yako unaweza kumtajia usoni. Kama huwezi, hiyo si sababu. Na nenda ukamwambie unamwonea wivu, hata kama sauti itakutetemeka. Ukishamwambia, kumdhulumu kutakuwa kazi ngumu sana kwako.

Nenda sasa, usichelewe gari la Migori. Mungu akulinde njiani, aibariki kazi ya mikono yako, na katika maisha yako yote asikunyime mtu hodari wa kukukera.