Moto wa Kilio cha Mwalimu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, yaya yangu Faustin, kaka yangu mkubwa, alirudi kutoka université kabla sijamaliza chai yangu ya pili. Wakati huo mimi nilikuwa kijana mwenye diploma ya sekondari, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda kiti cha nyumbani kisikimbie. Yaya alifundisha wanafunzi wa mwaka wa pili. Akaketi na viatu vyake vya vumbi, akasema Neema, mwanafunzi wake, amejiua.

Bunduki zilikuwa zimenyamaza Bunia, ingawa hatukuziamini bado. Tulikuwa tumezika watu wengi, utafikiri tulijua kulia. Wapi! Kwa kifo kama kile watu walizika haraka: hakuna turubai, hakuna nyimbo, hakuna moto wa kilio wa wafiwa kukesha nao. Huko université wakubwa walikata jina la Neema kwenye orodha kwa kalamu nyekundu, wakamwambia yaya, “Kozi saa mbili asubuhi, kama kawaida.” Kama kawaida! Hasira inanipanda hadi leo, na mimi ni mtu wa kukasirika nikiwa nimekaa.

Siku tatu yaya hakula. Alisoma tena na tena karatasi ya mtihani ya Neema, akitafuta neno alilopaswa kuliona. Siku ya nne akaandika barua ya kuacha kazi. Ndipo mimi, na hekima yangu ya kitini, nikamwambia:

“Yaya, kilio huanza mfiwa. Weye si baba yake. Kula maharagi, inapoa.”

Tate Veronika, bibi aliyekimbia vita Djugu na kukaa chumba chetu cha nyuma, alikuwa akipita na ndoo. Akaitua.

“Weye mutoto wa kiti! Masomo iliishia mu kinywa? Mwalimu amefiwa, iko peke yake siku ine, na weye unamupimia damu?”

“Lakini tate, watu hawaliliake mutu wa vile.”

“Watu gani? Mimi nilizika wangu mu pori bila kulia. Najua vile inakula mutu ndani. Simama! Leta hicho kiti inje.”

Nikakitoa. Akawasha moto katikati ya uwanja. Majirani wakauliza nani amekufa, akajibu kwa sauti ya sokoni, “Mutoto wa mwalimu!” Jioni walimu wenzake yaya wakaja mmoja mmoja, wananyata kama wezi wa kuku. Yule wa hesabu, mtu mkali, ndiye aliyelia kwanza: “Nilimuona amenyamaza. Nikasema ni adabu.” Yaya akamshika mkono: “Na mimi.” Kesho yake akaja mama yake Neema, kichwa chini, akauliza kama anaweza kukaa. Mwanangu, mama mzazi anaomba ruhusa ya kumlilia mwanawe!

Ile barua ya kuacha kazi tate aliitumia kuwasha moto chini ya sufuria. Juma lililofuata yaya aliita majina ya orodha darasani, na jina la Neema akaliita. Wanafunzi wote wakasimama.

Basi nakuambia bila kuzunguka: aliyejiua ni marehemu, mlilieni. Mwalimu wake ni mfiwa. Mpelekee kiti, methali baki nayo. Na weye, siku moyo ukikulemea, usinyamaze kwa adabu. Gonga kwangu, mimi siendake popote, unanijua. Mungu akupe watu wa kuota moto nao, na jina lako likiitwa, uwepo uitike.