Msichana wa Betri Ukutani kwa Sirad

Ayeeyo wangu, yaani nyanya mzaa mama, anaitwa Sirad, na miaka ya tisini nyumba yake hapa Garissa ilikuwa kama duka lisilouza kitu. Kuta zote ni mabango ya matangazo! Ya zamani kabisa: sabuni, majani ya chai, baiskeli, na jamaa mmoja wa soda anacheka mpaka unaona jino la mwisho.

Kazi yake ilikuwa kuuza nguo. Anapanda lori na mizigo yake, Modogashe, Wajir, siku nyingine mpaka Elwak, na kila duka akiingia macho yanaenda ukutani kwanza. Akiona bango limekaukia kwenye moshi miaka na miaka, anampa mwenye duka kalenda mpya ya maua, anaomba lile kuukuu. Wenye maduka walikuwa wanafurahi! Walidhani wamempata mjinga.

Kulitoa sasa ndiyo kazi. Watu walibandika na uji wa unga, kwa hivyo Ayeeyo analowesha kitambaa kwa maji moto, anakanda polepole kama anakanda mtoto wa homa, mpaka karatasi iachie yenyewe. Kwake hakutumia uji, maana mchwa wangekula nyumba na mabango. Alishikilia na miiba mirefu ya mgunga, anaichoma kwa udongo wa ukuta.

Sasa, kati ya hayo yote kulikuwa na moja alilipenda kuliko yote. Lilitoka duka la mzee Kulow, Modogashe. Tangazo la betri za Radi. Msichana amesimama na mbuzi wake miguuni, ameshika tochi juu, anaangalia mbele hivi, kama mtu umemwita jina na hataki kuitika. Mzuri, wallahi! Ayeeyo alimweka mbele ya mlango, ukiingia tu anakuona.

Hapo ndipo moto ulipoanza.

Siku moja mwaka wa tisini na sita alikuja Abdijabar, mfanyabiashara wa ng'ombe, jitu la mabega. Hata salamu ilitoka nusu. Alisimama mbele ya bango, akalikodolea macho, shingo ikavimba.

"Huyu ni mama yangu."

Ayeeyo alifikiri ni mzaha. "Mama yako nani?"

"Rukiyo. Huyo hapo. Na wewe umemtundika kama nyama ya bucha."

Kumbe sokoni wameshajua! Mtu mmoja alikuja kunywa chai kwa Ayeeyo, akamtambua Rukiyo, akaenda kusema. Tangu hapo Abdijabar akipeleka ng'ombe mnadani, vijana wanamwita, "Abdijabar! Msalimie mama, mwambie betri zangu zimekwisha!" Na alikuwa anachumbia wakati huo. Hata shemeji watarajiwa walikuwa wanaficha kicheko kwenye shali.

"Toa," akasema. "Nachoma sasa hivi."

Ayeeyo alikuwa mjane, mdogo wa mwili, lakini alisimama katikati ya yule mtu na ukuta. "Uso huo si wako, walaal, ndugu yangu. Mwenye uso aje mwenyewe. Yeye akisema choma, kiberiti nitakupa mimi."

"Mama yuko porini na ngamia, huko nyuma ya Modogashe."

"Malori yapo."

Abdijabar alitoka amepiga mlango mpaka miiba miwili ikaanguka.

Siku zilizofuata Ayeeyo hakulala vizuri. Jirani yake Nafiso alimwambia, "Abaayo, dada yangu, kata huo uso na wembe, ubaki na tochi na mbuzi. Yaishe." Ayeeyo alichukua wembe kweli. Akaweka ncha kwa shingo ya yule msichana. Mkono ukakataa. Akarudisha wembe kwa kopo lake, akakaa chini akilia kwa hasira, maana alikuwa ameshatoa neno, na neno lile lingechoma kitu anachokipenda zaidi.

Ijumaa moja baada ya Asr, mlango ukajaa watu. Abdijabar mbele, ameshika debe la mafuta ya taa. Nyuma yake mwanamke mrefu, mkavu, na fimbo. Nyuma yao nusu ya bulla, yaani mtaa wetu, si unajua watu wetu na mambo ya wenyewe.

"Asalaam aleikum," akasema yule mama. "Niko wapi?"

Ayeeyo alinyoosha kidole kwa bango.

Rukiyo macho yake yalikuwa na ukungu kidogo. Akasogea, akasogea, mpaka pua ikakaribia karatasi. Abdijabar akaanza kufungua kizibo cha debe, harufu ya mafuta ikajaa nyumba. Ayeeyo akatoa kiberiti mfukoni kwa gauni, kama alivyoahidi, akakishika mkononi.

Rukiyo akagusa yule mbuzi. "Huyu alikuwa na maziwa," akasema. "Fisi alimchukua."

Akapandisha kidole mpaka kwenye tochi.

"Walikuja na gari," akaendelea. "Wakaniambia simama hapa, shika hii tochi. Nikasimama mpaka miguu ikauma. Wakanipa betri mbili." Akageuka akaangalia watu. "Tochi wakaondoka nayo! Betri mbili nifanye nini nazo? Nile?"

Nafiso ndiye alianza kucheka, halafu nyumba nzima ikapasuka.

"Hooyo, mama," Abdijabar akasema, uso umeiva. "Watu wananicheka sokoni."

"Wakikucheka, waulize tochi yangu iko wapi." Halafu akamgeukia Ayeeyo, na hapo hakuwa na mzaha tena. "Wewe. Nikiwa hai, mniangalie. Sijaiba kitu. Siku nikifa, nigeuze uso ukutani. Maiti haangaliwi. Umesikia?"

"Wallahi nimesikia."

"Na wewe," akamwambia mtoto wake, "hayo mafuta tia kwa stovu. Nimekuja kwa lori tangu alfajiri, hakuna mtu amenipa chai."

Akatia. Jitu zima, limepiga magoti, linajaza stovu ya Ayeeyo!

Rukiyo alifariki baada ya ile mvua ya El Nino. Habari aliileta Abdijabar mwenyewe. Hakukaa. Alichomoa mwiba mmoja mmoja, akageuza karatasi, akairudisha pale pale, akapangusa mikono, akaenda.

Mpaka leo iko hapo. Wageni wanauliza kwa nini mahali pazuri hivyo pametundikwa karatasi tupu yenye madoa ya uji. Juzi nilitoa simu nikamwambia Ayeeyo, niigeuze kidogo tu, nipige picha moja, hakuna mtu atajua.

"Piga mgongo," akasema, bila hata kuniangalia.

Nikapiga mgongo.