Safari ya Kutafuta Lenzi ya Mbari

Niliondoka nyumbani Luzira, pembeni mwa Kampala, kwa sababu ya kiwiko.

Mke wangu Salma alipofariki, mama yake, Bi Zaituni, alitaka kuona picha za ukoo ambazo nilizipiga sebuleni kwetu kila Idi. Salma alikuwa daima wa mwisho kutoka jikoni, kwa hiyo alisimama pembeni kabisa. Katika picha moja lilionekana bega. Katika nyingine, sikio. Katika ile nzuri kuliko zote, watu kumi na tisa wanacheka, na ukingoni kulia kuna kiwiko na nusu ya sinia la sambusa. Picha ya kitambulisho ipo, lakini humo anaonekana kama anayesubiri kung'olewa jino.

"Nani alimkata mwanangu?" akauliza Bi Zaituni.

"Mimi," nikajibu. Kamera ilikuwa yangu na hapakuwa na mwingine wa kumsingizia. Kurudi nyuma sikuweza, nyuma yangu palikuwa na ukuta. Lakini ningeweza kumwambia asogee. Badala yake nilikuwa nikisema, "Salma, wewe tunakujua, inatosha."

"Basi siku ya hitima yake asikatwe mtu. Hata yule asiyependwa."

Saa tatu asubuhi bodaboda ilinishusha Kabalagala, mbele ya duka dogo la kamera lililobanwa kati ya baa mbili zilizokuwa bado zinafagiliwa. Muuzaji alikuwa mama mchangamfu.

"Karibu, ssebo. Unataka nini?"

"Lenzi ya mbari, nyabo." Ssebo ni bwana na nyabo ni bibi kwa Kiganda; mbari, kwetu, ni ukoo mzima, kuanzia babu hadi vitukuu.

"Ya mbari iko!" Akatoa dude refu kama mchi wa kinu, akalifunga kwenye kamera yangu. Nikachungulia. Nikaona chunusi kwenye shingo ya mtu aliyekuwa akinyolewa ng'ambo ya barabara.

"Nyabo, hii inaona chunusi moja. Mimi nina watu ishirini na wawili."

"Si umesema ya mbari? Hii iko mbari sana! Mpaka Entebbe!"

Ndipo nikaelewa. Yeye alikuwa akisema "mbali," kwa ulimi wa Kampala, ambao kwake l na r ni ndugu wanaoazimana nguo.

"Si mbali. Mbari. Jamaa zangu wote, ndani ya chumba kimoja."

"Aa! Unataka ya pana!" Alicheka mpaka akakaa chini. "Ssebo, watu wako iko hapa mbele ya pua, wewe unatafuta ya mbari!"

Sikucheka. Hakujua alichokisema.

Lenzi pana mpya alikuwa nayo. Niliuliza bei mara mbili, nikidhani nayo imechanganya herufi. Akanionyesha ya rahisi, kioo cha kuchomeka mbele ya lenzi niliyokuwa nayo. Ukuta wa duka ukapinda kama ndizi.

"Hiyo wacha," akasema mwenyewe. "Hata mimi inanipa haya. Enda Naguru kwa Afande Okot. Arikuwa napiga picha ya polisi. Anauza yake."

Saa sita nilikuwa Naguru, kwa Sajini Okot, mstaafu mrefu kutoka kaskazini. Alinikaribisha chai kabla hajaniuliza shida yangu.

"Hii lenzi imefanya kazi, mzee," akasema. "Chumba kidogo, mwizi ametoka na dirisha, ameacha maiti chini. Mimi nasimama kwa kona moja, napata kona tatu. Soma namba."

"Kumi mpaka kumi na nane."

"Namba kidogo, picha kubwa."

Mimi nilidhani namba kubwa ndiyo bora, kama shuleni, ambako sikukaa sana.

"Lakini giza haipendi," akaendelea. "Weka kamera kwa miguu tatu, watu watulie. Watu yangu walikuwa wanatulia bila kuambiwa." Kisha akanitazama usoni. "Picha ni ya nini?"

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini, akainuka na lenzi.

Tukaijaribu. Akampanga mkewe, viti vinne na mbuzi. Mkewe, katikati, alitoka vizuri. Mbuzi, ukingoni, alitoka na uso wa farasi.

"Ndiyo tabia yake. Wa pembeni anavutwa. Peleka namba mpaka kumi na tatu, itapungua. Wanene weka katikati."

Alitaja bei. Nikamtajia nilichokuwa nacho, na hakikufika.

"Ya hitima?"

"Ya hitima."

"Leta hiyo."

Jioni nilirudi Luzira na lenzi kifuani kama mtoto mchanga.

Siku ya hitima, baada ya dua, nilifanya kosa la kusema kweli. Niliwatangazia kwamba wa pembeni atanenepa. Watu ishirini na wawili wakakimbilia katikati, ukoo ukawa fundo.

"Mnasukumana kama kuku!" Bi Zaituni akafoka. "Mwenye kosa akae pembeni!"

Wote wakanigeukia. Nikaiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, nikalichukua sinia la sambusa, nikakimbilia ukingo wa kushoto.

Hakukatwa mtu. Hata yule asiyependwa yupo, na anapendeza. Mimi tu, kwa haraka, nilisahau kupeleka kumi na tatu. Kiwiko changu kimetoka kama fenesi na sinia kama mtumbwi. Bi Zaituni alipoiona alicheka hadi akashika ubavu, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilichojifunza ni kidogo. Namba ndogo ndiyo pana. Na "sogea kidogo, nakuona nusu" ingetosha miaka yote ile, kwa lenzi ileile ya zamani.

Bi Zaituni alizitundika mwenyewe picha hizo mbili, ya zamani kushoto, mpya kulia, fremu zikigusana. Kiwiko cha Salma na changu sasa viko pamoja ukutani, na sambusa katikati.