Sitini na Moja ya Kitinda

Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda na urefu wa kitanda na nusu. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa iliyokohoa kabla ya kila ukurasa, na mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani. Jina alilopewa na wazazi wake lilishachakaa kwa kukosa wa kulitumia.

Kazi yake ilikuwa kuwajazia vijana fomu za chuo kikuu, lakini sifa yake ilikuwa nyingine. Ukimpa karatasi ya matokeo, aliitupia jicho juu ya miwani, kisha akakwambia utaingia au hutaingia. Walisema huinusa ikiwa bado ndani ya bahasha. Walisema mama mjamzito aliingia kutoa kopi ya kadi ya kliniki, Mizani akalitazama tumbo na kusema, "Huyu mwalimu," na mtoto akazaliwa ameshika chaki. Hayo ya chaki yaache. Ya ualimu bado hayajulikani, mtoto mwenyewe ananyonya.

Siri yote ilikuwa daftari. Lilikuwa daftari nene lenye jalada la kaki, na ndani yake, kwa miaka kumi na mmoja, Mizani aliandika wastani wa mtu wa mwisho kupokelewa katika kila kozi. Kila majina yalipotoka alirudisha mlango, akakaa na binti yake. Binti alisoma kwenye kompyuta, mama akaandika kwa kalamu nene, maana macho yake yalishaanza kuingia ukungu.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, wakamwita Kitinda. Alitaka uuguzi na hakuwahi kutaka kingine. Miaka miwili ya mwisho ya shule aliigawa nusu kwa nusu kati ya masomo na kitanda cha baba yake, aliyekuwa amepooza upande wa kulia. Hospitalini, mzee yule akiguswa na wauguzi alitukana mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaziba masikio. Akiguswa na Kitinda alitulia kama mtoto aliyeshiba. "Niitieni muuguzi wangu," alikuwa akisema, na kila mtu alijua anamwita nani. Alifariki mwezi mmoja kabla ya mitihani. Kitinda akapata wastani wa sitini na moja.

Mizani alifungua daftari. Uuguzi: sitini na tano, sitini na nne, sitini na sita, sitini na nne. Hakulala vizuri wiki ile.

Ndani ya wiki hiyohiyo akaja binti wa seremala na karatasi yake.

"Hamsini na tisa," Mizani akasoma. "Unataka nini nayo?"

"Uuguzi, mama."

"Mwanangu, kwa hii hospitalini unaingia kama mgonjwa tu. Wa mwisho mwaka jana alikuwa na sitini na nne."

"Huyo wa mwaka jana. Mimi wa mwaka huu. Andika tu mama, au nikuazime kidole?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na Mizani akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akaandika uuguzi, chaguo la kwanza. Mtoto wa watu, shauri lake.

Kesho yake mchana Kitinda akampa mama yake fomu aliyoijaza kwa mkono. Chaguo la kwanza, uuguzi. La pili, utunzaji wa kumbukumbu, kozi ambayo wa mwisho wake hakuwahi kuzidi hamsini na nane. Mizani aliijua kazi yake. Ukikataliwa la kwanza, la pili unakuta viti vimeshakaliwa, unabaki nyumbani.

"Nenda kaniletee karatasi za printa," akamwambia. "Nitaituma mwenyewe."

Kitinda alipotoka, Mizani akabadilisha. Kumbukumbu zikaja juu, uuguzi ukashuka chini. Akatuma, akachapa kopi, akaisukuma chini kabisa ya boksi la kopi lililokaa chini ya meza.

"Mama, unanionaje? Naingia?" Kitinda aliuliza aliporudi.

"Tuombe tu."

Mtaa ule haukuwa umewahi kusikia jibu kama hilo kutoka kinywani mwake.

Majina yakatoka. Kitinda akalikuta lake kwenye kumbukumbu. "Basi uuguzi hawakunitaka," akasema, akaenda kuosha vyombo. Maji ya bomba yalimwagika muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Baada ya siku tatu wakakaa na daftari.

"Sheria, sabini," Kitinda akasoma. "Uhandisi, sabini na mbili. Uuguzi..." Akasogeza uso karibu na kioo. "Uuguzi, hamsini na tisa. Ni binti wa seremala, mama. Wamefungua jengo jipya, wamechukua watu mara mbili."

Kalamu ya Mizani haikusogea.

"Mimi nina sitini na moja. Wamekosea hawa. Twende tukaulize, tubebe na kopi ya fomu."

Akainama chini ya meza, akavuta boksi. Akaichimbua kopi yake chini kabisa. Kitinda akaisoma karatasi akiwa amesimama, akairudia.

"Nani aliandika hivi?"

"Mimi."

Nje mtu alibisha hodi, akachoka, akaenda zake.

"Niliogopa utabaki nyumbani," Mizani akasema. "Daftari lilikuwa linasema..."

"Seremala hana daftari."

"Tutaomba tena mwakani, mwanangu."

"Aliyepokelewa haombi tena mpaka ipite miaka mitatu. Wewe ndiye unayewaambia watu kila siku." Akairudisha karatasi kwenye boksi, akaisawazisha pembe, akakaa. "Ualimu, hamsini na tano. Andika, mama."

Mizani akaandika ualimu. Mstari wa uuguzi wa mwaka ule aliuruka, na uko mtupu mpaka leo.

Wiki moja kabla ya vyuo kufunguliwa, binti wa seremala alikuja kutoa kopi ya barua yake. Alikuwa na maneno tayari mdomoni ya kumtania Mizani, lakini alipomwona uso akayameza. Kitinda ndiye aliyemhudumia. Alizipanga kopi, akazibana kwa pini, na kabla ya kumkabidhi akasema:

"Ukimgeuza mtu aliyepooza, usimvute mkono ule mbovu. Pitisha wako nyuma ya bega. Na umwambie kwanza unampeleka upande gani, asishtuke."

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

Mizani alikuwa amewapa mgongo, ameifungua printa, anatafuta karatasi iliyokwama. Hapakuwa na karatasi iliyokwama. Aliendelea kuitafuta.