Uma wa Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya ana uma mdogo wa chuma wa kutafutia sauti. Huugonga gotini, huusogeza sikioni, kisha hutoa "doo" nyororo usiyoitegemea kwa mtu mwenye viganja vilivyokomazwa na jembe la shamba la ujamaa. Lakini Majilio haya, wiki za kungojea Krismasi, tangu kwaya iteremke kutoka Mpale mlimani kwa miguu kwenda kuhiji Korogwe, Yuditha wa sauti ya kwanza ameona uma hauendi tena sikioni. Mwalimu anauuma kwa meno. Tena ukimwamkia kwa nyuma, haitikii. Yuditha hakumwambia mtu. Alitembea akiiombea doo ile tu. Kanisani Korogwe, mbele ya kwaya tano, mwalimu aliugonga uma gotini, akauuma ungali unatetema, akafumba macho. Doo ikatoka pale pale kinanda kilipokuwa kinaingojea. Yuditha alishusha pumzi hata nusura akose kuingia kwenye wimbo.

Walipotoka nje alimwendea kwa mbele. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njia nzima ulikuwa unanitazama mdomo." Akaufuta uma kwa upindo wa shati. "Masikio yamechoka, kweli. Meno bado yanasikia."